Umebadilisha saizi ya tairi na gari linakula mafuta? Pima hivi kabla ya kulaumu rimu

Malalamiko ni yale yale. Mtu kafunga rimu za 16 au 17 badala ya 15, mwezi haujaisha anasema gari limeanza kubugia mafuta. Ukimuuliza kajuaje, jibu lake: "Zamani mafuta ya elfu hamsini yalinifikisha Jumamosi, sasa Alhamisi taa inawaka."

Hapo hakuna kilichopimwa. Bei ya mafuta Tanzania hutangazwa upya na EWURA kila mwezi, na Kenya EPRA hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo elfu hamsini ya mwezi huu si lita zile zile za mwezi uliopita. Mshale wa tangi nao ni wa kukadiria tu. Na kubwa kuliko yote, ukibadilisha kipenyo cha tairi, mita ya kilomita yenyewe inaanza kudanganya.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Wengi wanakwama kwa sababu wanaanzia hatua ya sita, duka la rimu.

## Andaa hivi kwanza

- Geji ya upepo ya kwako mwenyewe. Ya fundi pancha imeanguka chini mara nyingi mno.
- Chaki na futi ya kamba ya mita 5.
- Simu yenye programu ya GPS inayorekodi umbali uliotembea, si ramani ya kukuonyesha njia tu.
- Mzani wa kupimia watu.
- Daftari. Risiti za sheli zinafutika wino zikikaa juani kwenye dashibodi.

## Hatua ya 1: Soma bango la mlangoni, kisha ubavu wa tairi

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ya mlango. Kuna bango lenye saizi ya tairi ya kiwandani na kiasi cha upepo. Magari yetu mengi ya Kijapani yanaandika upepo kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate psi, kipimo kinachosomwa kwenye geji: 220 ni sawa na 32, 230 ni 33.

Sasa soma ubavu wa tairi. Tuchukue 195/65R15 91H, saizi iliyoenea kwenye Noah na sedani nyingi za Kijapani. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya huo upana. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 ni alama ya uzito ambao tairi moja inaweza kubeba, hapa kilo 615. H ni kikomo cha mwendo, kilomita 210 kwa saa.

Angalia pia tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa ubavuni unaoanza na herufi DOT. 2319 maana yake tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa wanunuzi wa matairi ya mtumba, hiyo ndiyo namba ya kwanza kuisoma, hata kabla ya kuuliza bei.

Onyo: matairi uliyoyakuta kwenye gari ulilonunua mkononi mwa mtu si lazima yawe saizi ya kiwandani. Mita ya kilomita ilipangwa kwa saizi ya bango.

Umefaulu ikiwa: daftarini una saizi mbili, ya bango na iliyopo chini ya gari sasa hivi.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya kipenyo cha tairi zima

Zidisha upana kwa asilimia ya ubavu, zidisha kwa 2 (ubavu upo juu na chini), kisha jumlisha rimu kwa milimita. Inchi moja ni milimita 25.4.

Kwa 195/65R15: 195 × 0.65 × 2 = 253.5. Rimu ni 15 × 25.4 = 381. Jumla ni milimita 634.5.

Linganisha sasa na saizi ambazo watu huuziwa badala yake:

- 205/55R16: milimita 631.9, pungufu kwa asilimia 0.4
- 225/45R17: milimita 634.3, sawa kabisa
- 205/65R15: milimita 647.5, imezidi kwa asilimia 2
- 215/65R16: milimita 685.9, imezidi kwa asilimia 8.1

Tazama orodha hiyo vizuri. Rimu ya 17 haijaongeza kimo cha gari hata kidogo, kwa sababu ubavu umepungua. Ile 205/65 imebaki na rimu ile ile ya 15 lakini tairi limekuwa kubwa. Kwa hiyo anayesema "nimeweka rimu kubwa" bado hajakuambia kitu kuhusu kipenyo.

Mafundi makini hawapendi kuvuka asilimia 3 juu au chini ya saizi ya bango. Ukivuka hapo, tairi linaanza kugusa fenda ukikata kona huku gari limejaa, na mita inapotoka kiasi cha kukuletea matatizo ya hatua ya 7.

Onyo: kama gari lako linavuta kwa magurudumu yote manne, matairi yote manne lazima yawe na kipenyo kimoja. Tofauti kati ya mbele na nyuma inachosha mfumo mzima wa kugawa nguvu, na ukarabati wake haulingani na bei ya matairi mawili.

## Hatua ya 3: Hakikisha kwa chaki

Hesabu ya karatasini ni ya tairi lisilobeba kitu. Likibeba gari linabonyea, na watengenezaji nao wanatofautiana kidogo hata kwa saizi moja.

Weka gari kwenye sakafu tambarare, matairi yakiwa baridi, upepo kama bango linavyosema. Chora mstari wa chaki ubavuni mwa tairi, pale linapogusa sakafu, na mwingine sakafuni chini yake. Mtu mmoja akae kwenye usukani, wengine wasukume gari taratibu, usukani umenyooka, mpaka alama ya tairi irudi chini mara ya pili. Chora hapo. Pima kati ya alama mbili za sakafuni, gawanya kwa 2.

Kwa 195/65R15, karatasi inasema mzunguko mmoja ni milimita 1,993. Chini utapata pungufu kidogo, kama asilimia 3 hivi, kwa ajili ya kule kubonyea. Usishtuke. Unachotafuta ni uwiano kati ya matairi ya zamani na mapya, mradi umepima yote mawili kwa njia moja na watu wale wale ndani ya gari.

Ukishayauza ya zamani? Tumia spea kama ni ya saizi kamili. Kama spea ni ile nyembamba ya dharura, rudi kwenye hesabu ya hatua ya 2. Inatosha.

## Hatua ya 4: Pima ulaji wa mafuta kabla ya kubadili chochote

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na bila hiyo mengine yote yanabaki maneno ya kijiweni.

1. Nenda sheli, jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza. Mwambie mhudumu asiongeze ili kufikisha hela kamili. Ile "niongeze ifike themanini?" inaharibu kipimo.
2. Rudisha mita ya safari kwenye sifuri.
3. Tembea kama unavyotembea siku zote, angalau kilomita 300.
4. Rudi sheli ile ile, pampu ile ile, jaza tena mpaka ikate mara ya kwanza. Andika lita, sio shilingi.
5. Gawanya kilomita kwa lita.

Rudia mara tatu. Sababu ya kurudia ni kwamba pampu haikati mahali pale pale kila mara, na lita moja na nusu ya ziada kwenye tangi la lita 40 inatosha kukupa "tofauti" ya asilimia karibu 4 ambayo haipo.

Kama dashibodi yako inaonyesha wastani wa kilomita kwa lita, usiuandike kama jibu. Inatumia mita ile ile ya kilomita, kwa hiyo mita ikidanganya na yenyewe inadanganya.

Onyo: usichanganye njia. Tangi moja la foleni ya Mbagala na tangi moja la safari ya Dodoma havilinganishiki.

Umefaulu ikiwa: majibu matatu hayapishani zaidi ya asilimia 5. Yakipishana sana, kuna kitu kingine kinabadilika: mzigo, njia, au nani anaendesha.

## Hatua ya 5: Jua kinachokula mafuta hasa

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie kidogo, maana rimu inasingiziwa mengi.

Upana na aina ya mpira. Kila sehemu ya tairi inayogusa lami inajikunja na kujikunjua, na kila mkunjo unageuza mafuta yako kuwa joto. Makadirio yanayokubalika ni kwamba ukipunguza ukinzani huo wa tairi kwa asilimia 10, unaokoa kati ya asilimia 1 na 2 ya mafuta. Tairi pana lenye mpira laini linaongeza ukinzani, na upana huo huo unakata upepo mwingi zaidi ukifika kasi ya barabara kuu. Matairi ya meno makubwa ya matope ndiyo mabaya kuliko yote kwenye lami. Kama matope unayaona Krismasi tu ukienda kijijini, unayalipia mwaka mzima.

Uzito wa gurudumu. Kilo moja iliyo kwenye ukingo wa tairi inahitaji nguvu karibu mara mbili ya kilo moja iliyo kwenye buti ili kuiongezea mwendo, kwa sababu inapaswa kusogezwa mbele na kuzungushwa kwa pamoja. Kwenye barabara kuu ukishika mwendo mmoja, hili halionekani. Kwenye foleni ya simama-ondoka linaonekana kila dakika. Ndiyo maana dereva wa Dar au Nairobi mjini analalamika, na mwenzake wa safari ndefu mwenye rimu zile zile haoni tofauti.

Usidhani kila rimu ya aloi ni nyepesi. Aloi ya 17 ya bei rahisi inaweza kuizidi uzito rimu ya chuma ya 15. Panda kwenye mzani ukiwa umebeba gurudumu, kisha panda bila gurudumu, toa. Muuza rimu atakucheka, wewe pima.

Kipenyo. Tairi kubwa linafanya kazi ya gia ndefu: injini inazunguka mara chache kwa kila kilomita. Kwenye tambarare hilo linaweza hata kusaidia. Lakini kwenye kuondoka na kwenye mlima injini inabanwa, gia ya otomatiki inashuka, unaongeza mguu. Panda mlima Kitonga umejaza abiria utaelewa.

Kipenyo kikubwa peke yake si adui. BMW i3, gari la umeme, lilitoka kiwandani na tairi za 155/70R19: rimu ya 19, upana mdogo. Wahandisi walichagua hivyo makusudi ili gari liteleze kwa urahisi. Ukitaka rimu kubwa bila kuumia sana, hapo ndipo pa kuiga: usiongeze upana.

Upepo. Takwimu za serikali ya Marekani zinasema kila psi 1 inayopungua kwenye matairi yote manne inaongeza ulaji kwa takriban asilimia 0.2. Matairi yote manne yakipungua psi 8, yanakula zaidi ya asilimia moja na nusu kabla hujagusa saizi.

Upya wa tairi. Tairi jipya lina kina cha kama milimita 8 za kashata (meno ya tairi). Likibaki na 2, kipenyo kimepungua milimita 12, karibu asilimia 2 kwa saizi yetu ya mfano. Maana yake tairi kipara linafanya mita isome kilomita nyingi kuliko ulizotembea, na mpira wake mwembamba unajikunja kidogo. Ukifunga jipya, hata la saizi ile ile, gari litaonekana kula zaidi. Hilo si kosa la tairi.

## Hatua ya 6: Nunua na ufunge

Chagua ndani ya asilimia 3, upana usiozidi wa zamani kwa zaidi ya milimita 10 kama mafuta ndiyo shida yako, na alama ya uzito isiyo chini ya ile ya kiwandani. Ukikuta 88 badala ya 91, umetoka kilo 615 hadi 560 kwa kila tairi. Kwenye Noah ya abiria hilo ni hatari, achana nalo hata kama bei ni nzuri.

Hakikisha matundu ya nati. Vitz na IST ya toleo la kwanza ni nati 4 kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, Noah ni nati 5 kwa 114.3. "Tutalazimisha" si njia ya kufunga gurudumu.

Na hili linasahaulika: rimu nyingi za aloi za Toyota za kiwandani hutumia nati zenye washa bapa, wakati rimu za dukani na za chuma hutumia nati za koni. Ukifunga nati bapa kwenye tundu la koni, zinashika kwenye kingo tu na zitalegea njiani. Nunua nati pamoja na rimu. Kisha rudi kuzikaza baada ya kilomita 50 hadi 100.

Balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu) na alaimenti (kunyoosha magurudumu) zifanyike siku hiyo hiyo. Gurudumu lililotazama pembeni hata kidogo linasuguliwa badala ya kubingirika, na hapo utalaumu saizi bure. Jaza upepo matairi yakiwa baridi, asubuhi kabla hujatembea. Fundi akikujazia 40 kwa vile "rimu kubwa zinataka", punguza urudi kwenye bango.

Umefaulu ikiwa: usukani umekatwa mpaka mwisho pande zote mbili, gari likiwa na watu, na hakuna tairi linalogusa fenda wala plastiki ya ndani. Ukiachia usukani kwenye barabara tambarare gari halivuti upande.

## Hatua ya 7: Tafuta namba ya kurekebisha mita

Tafuta kipande cha barabara kuu kilicho wazi juu, kama kilomita 50. Chalinze kwenda Morogoro panafaa, au Mtito Andei kwenda Voi kwa walio Kenya. Anza kurekodi GPS na mita ya safari kwa pamoja, simamisha kwa pamoja. Mwenye kushika simu awe abiria.

Gawanya kilomita za GPS kwa kilomita za mita. Ukipata 54 kwa 50, namba yako ni 1.08. Kila kilomita mita inayoonyesha, izidishe kwa hiyo. Fanya hivi kwa matairi ya zamani pia kama bado unayo, kwa sababu mita inaweza kuwa na kosa lake tangu mwanzo.

Linganisha na uwiano wa chaki wa hatua ya 3. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 1 au 2, rudia ya GPS, pengine simu ilipoteza mawasiliano.

Onyo: spidomita nayo imepotoka. Kwa mfano wetu wa 215/65R16, mita iliyopangwa kikamilifu ikisoma 50 wewe uko 54. Watengenezaji wengi huweka spidomita isome juu kidogo ya mwendo halisi, kwa hiyo sehemu ya kosa inamezwa hapo, lakini usiitegemee. Trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo kwenye kibao cha 50 hapimi kwa spidomita yako, na hela ya faini ingekununulia mafuta.

## Hatua ya 8: Pima tena, usome matokeo

Tembea kilomita mia chache kwanza ili mpira mpya ukae sawa. Kisha rudia hatua ya 4 yote: sheli ile, pampu ile, njia ile, mara tatu.

Hesabu ya mfano. Kabla ya kubadili gari lilikwenda kilomita 11.5 kwa lita, na GPS ilithibitisha kuwa mita ilikuwa sawa. Baada ya kufunga 215/65R16, mita inaonyesha 400 kwa lita 40. Mwenye gari anasema ni 10 kwa lita, amepoteza asilimia 13, anataka kurudisha rimu dukani.

Zidisha 400 kwa 1.081 unapata 432.4. Gawanya kwa 40: kilomita 10.8 kwa lita. Hasara ya kweli ni asilimia 6. Zaidi ya nusu ya "hasara" ilikuwa mita.

Sasa isome hivi:

- Chini ya asilimia 3: ipo ndani ya makosa ya kipimo chenyewe. Acha gari lilivyo.
- Asilimia 3 hadi 8: upana, uzito na meno ya tairi ndivyo vinavyofanya kazi. Hakikisha upepo, kisha amua kwa hela.
- Zaidi ya asilimia 8 baada ya kurekebisha mita: tafuta kwingine kwanza. Gusa rimu zote nne kwa tahadhari baada ya safari. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki inashika. Rudia alaimenti. Ndipo urudi kwenye tairi.

Kuamua kwa hela ni rahisi. Ukitembea kilomita 1,500 kwa mwezi, kwa 11.5 unatumia lita 130.4, kwa 10.8 lita 138.9. Tofauti ni lita 8.5. Zidisha kwa bei ya mwezi huu, kisha kwa miezi unayotarajia matairi kuishi, uweke pembeni ya bei utakayopata ukiziuza rimu leo. Aliyenyanyua gari kwa tairi kubwa kwa sababu njia ya kwake ina mashimo ya kugonga tumbo la gari atakuta lita 8.5 ni nafuu kuliko kubadilisha sampu (karai la oili chini ya injini). Aliyenyanyua kwa ajili ya muonekano na anaishi kwenye lami, namba anayo mkononi.